Gitaa Lililoimba Vizuri Lakini Halikusema: Uchambuzi wa Jaribio Moja katika Umbo la Selmer

Gitaa ninalolichambua hapa nililimaliza mwezi wa Machi, na wiki sita baadaye likarudi katika karakana yangu hapa Alsace, mashariki ya Ufaransa. Aliyelirudisha ni mzee wa Kimanouche, yaani wa jamii ya Wajipsi wa Ufaransa, ambaye kwa miaka mingi amepiga gitaa la rithimu katika bendi ya ukoo wao. Hakuwa na hasira. Alilitoa katika mkoba, akalilaza juu ya meza, akanionyesha daraja kwa kidole. Mguu wa upande wa nyuzi nene ulikuwa umeteleza kuelekea mkiani kwa milimita tatu, hata daraja halikulingana tena na sharubu lake. Kisha akasema neno ambalo nimelifikiri mara nyingi tangu siku ile: "Fundi, linaimba vizuri sana, lakini halisemi."

Kwa msomaji asiyelijua gitaa hili, la umbo la kampuni ya Selmer ya Paris, masharubu ni vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa usoni, kimoja kila upande wa daraja, na daraja lenyewe hukaa katikati bila gundi yoyote, likishikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Nyuzi hazifungwi darajani kama katika magitaa mengi. Hupita juu yake na kwenda kushikwa na kipande cha shaba kilichofungwa mkiani mwa mwili. Mambo mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na mpangilio huo, na kosa langu lilikuwa kuutazama mpangilio huo kama pambo la kizamani badala ya kuutazama kama chanzo cha sauti.

Umbo hili lilianzishwa na Mario Maccaferri, Mwitaliano aliyezaliwa Cento mwaka 1900, akajifunza kuunda ala za nyuzi kwa Luigi Mozzani, na wakati huohuo akawa mpigaji wa gitaa la klasiki katika majukwaa ya Ulaya. Kampuni ya Selmer ya Paris, iliyokuwa ikijulikana kwa saksafoni na klarineti, ilimpa nafasi katika kiwanda chake cha Mantes-la-Ville, na magitaa yake yakaanza kuuzwa mwaka 1932. Yalikuwa na mdomo, yaani tundu la sauti usoni, mkubwa wenye umbo la herufi D, na ndani ya mengi kati yake mlitundikwa sanduku la pili la mbao lililokusudiwa kuikuza sauti. Masanduku hayo yalikuwa yakilegea na kutetema, na wenye magitaa wengi wakayang'oa. Maccaferri aliachana na Selmer mwaka 1933, na kiwanda kikaendelea kuyaunda magitaa haya bila yeye hadi mwaka 1952. Katika miaka hiyo mafundi waliobaki waliupunguza mdomo ukawa tundu dogo lenye umbo la yai, wakarefusha sehemu ya uzi inayotikisika hadi takriban milimita 670, na wakaifanya shingo ikutane na mwili kwenye freti (kijiti cha chuma cha shingoni) ya 14 badala ya ya 12. Idadi ya magitaa yote yaliyotoka Selmer haikufika 1,000. Nayataja haya kwa sababu kile tunachokiita leo umbo la jadi ni matokeo ya majaribio, mengine ya mwanzilishi mwenyewe na mengine ya watu waliomsahihisha. Kwa hiyo sikuona, na hata sasa sioni, kwamba ni dhambi kwa fundi kujaribu.

Nilibadili mambo mawili kwa wakati mmoja.

La kwanza lilikuwa mataruma. Neno hili nimelitoa kwa mafundi wa majahazi wa Tanga nilikokulia, ambao huita hivyo mbao zinazobeba ubavu wa chombo kwa ndani, na sijapata neno linalofaa zaidi kwa vijiti vinavyogundishwa chini ya uso wa gitaa. Katika gitaa la Selmer mataruma hulala kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu, kama vipawa vya ngazi. Wengi wetu tuliojifunza kazi kwa magitaa ya Kimarekani tunafundishwa kwamba mpangilio huo ni wa magitaa ya bei nafuu, na kwamba mataruma mawili marefu yanayokatana kwa umbo la X ndiyo yanayotoa besi nene na mlio unaodumu. Mzee alikuwa ameniambia, tulipokubaliana juu ya kazi, kwamba angependa sauti nene kidogo kuliko ya gitaa lake la zamani. Nililichukua ombi hilo dogo nikalifanya ruhusa ya kuweka X.

La pili lilikuwa uso wenyewe. Katika umbo hili ubao wa sprusi, mti mwepesi wa jamii ya msonobari, haukai bapa: hukunjwa kwa joto karibu na daraja, kukingama nyuzinyuzi za mti, ili sehemu ya nyuma iteremke kuelekea mkiani, kama ilivyo katika mandolini za Napoli. Wafaransa huuita mkunjo huo pliage. Kuukunja ubao ni kazi ya hofu, kwa kuwa sprusi hukubali kupinda kufuata upana wake lakini hukataa kuvunjwa mstari dhidi ya nyuzinyuzi zake. Nilijiambia kwamba tao jepesi, linalotokana na kuyachonga mataruma kwa mviringo kidogo, lingetosha. Uso ukawa na unene wa milimita 2.4, tao la kawaida, bila mkunjo.

Gitaa lilipokamilika nililipiga mimi mwenyewe usiku, karakana ikiwa kimya, na nikafurahi. Besi ilikuwa ya duara, kila noti ikikaa hewani na kufifia polepole. Sasa naelewa kwamba jaribio hilo la usiku halikuwa na thamani kubwa, kwa sababu hakuna mtu anayeliagiza gitaa hili ili alipige peke yake chumbani.

Kikundi kilichoufanya mtindo huu wa jazi ya Kimanouche ujulikane, Quintette du Hot Club de France, kilichoanza mwaka 1934, kilikuwa na fidla ya Stéphane Grappelli, gitaa la solo la Django Reinhardt, magitaa mawili ya rithimu na besi kubwa. Ngoma hazikuwapo. Kazi ya ngoma ilibebwa na mikono ya kulia ya wapigaji wa rithimu, kwa pigo ambalo Wafaransa huliita la pompe, yaani pampu: kordi hupigwa kwa nguvu na kunyamazishwa papo hapo, ili kila pigo liwe na mwanzo mkali na mwisho mkavu. Mlio unaodumu, ambao ni sifa katika gitaa la kupiga polepole, ni uchafu katika pigo hilo. Mzee alipiga mbele yangu mizunguko michache kwenye gitaa lake la zamani, kisha kwenye langu. Kwenye langu, kordi ya pigo la pili ilifika wakati besi ya pigo la kwanza ingali ndani ya mwili, na mapigo yakashikana kama ugali uliozidi maji. Alipoongeza nguvu ili ayatenganishe, risha ikalisukuma daraja. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya zile milimita tatu: alikuwa akipiga kwa nguvu kupita kawaida ili apate kile ambacho gitaa halikuwa likimpa.

Hapo nikakutana na tatizo ambalo lilinichukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe. Kwa kuwa nilibadili mambo mawili, sikuweza kujua ni lipi lililokosesha. Fundi mmoja ninayemheshimu aliniambia nibadilishe nyuzi; nilizibadili, na hakukuwa na tofauti ya kusemea. Ilinibidi nitafute namna ya kulitenga jambo moja na lingine bila kulifungua gitaa.

Nilianza kwa hesabu. Nguvu inayolishikilia daraja haitokani na mkazo wa nyuzi peke yake bali na pembe ambayo uzi huteremka nayo unapolivuka daraja. Mkazo wa jumla wa nyuzi sita nyepesi katika urefu huo naukadiria kuwa kilo 60. Nilipoipima pembe kwa kipande cha kadibodi kilichokatwa kufuata mstari wa uzi, nilipata digrii 5, na kwa pembe hiyo mgandamizo unaolifikia daraja ni kilo 5 na kidogo. Pembe ingekuwa digrii 8 na nusu, mgandamizo ungekaribia kilo 9. Tofauti ya pembe hiyo haionekani kwa macho mtu akilitazama gitaa ukutani, lakini kwa daraja ni mzigo wa zaidi ya mara moja na nusu, na mkunjo nilioukataa ndio ambao kazi yake mojawapo ni kuipata pembe hiyo.

Kisha nikachukua kijiti cha mti mgumu chenye upana wa kidole, nikakilaza juu ya nyuzi zote sita katikati ya daraja na mkia, nikakivuta chini kwa mkanda wa ngozi uliouzunguka mwili mzima, hadi kadibodi ya pili iliyokatwa kwa digrii 8 na nusu ilipokaa sawasawa. Nikazikaza nyuzi upya, nikachora alama ya penseli kando ya miguu ya daraja, nikamwita mzee. Gitaa lilionekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji, lakini alilipiga kwa subira.

Matokeo yalikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Daraja halikuteleza hata kidogo. Alama ya penseli ilibaki pale pale. Mwanzo wa kila pigo ukawa mkali, na noti za juu zikapata ule mkwaruzo kidogo wa chuma unaozifanya zisikike katikati ya kelele za watu. Lakini besi iliendelea kukaa mwilini. Mapigo yalianza vizuri na kuisha vibaya. Kwa hiyo pembe ilikuwa na hatia ya mwanzo wa sauti na ya kuteleza kwa daraja, na mataruma yalikuwa na hatia ya mwisho wa sauti. Makosa yalikuwa mawili kweli, kila moja na alama yake.

Nataka kukaa kidogo juu ya mataruma, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Mpangilio wa X ulistawi Marekani katika karne ya 19, katika magitaa ambayo daraja lake limegundishwa usoni na nyuzi zimefungwa darajani humo humo. Katika gitaa la namna hiyo, nyuzi hulivuta daraja kuelekea shingoni na kutaka kulipindua: uso huvimba nyuma ya daraja na kubonyea mbele yake. Mataruma ya X huupinga mpinduko huo kwa kukatiza sehemu yote inayotaka kupinda. Katika gitaa la Selmer mpinduko huo haupo, kwani mvuto wa nyuzi unamalizikia katika shaba ya mkiani, na daraja hupokea mzigo wa kushuka chini tu, kama nguzo inavyopokea mzigo wa paa. Mzigo wa kushuka hubebwa vizuri na tao na mkunjo, na mataruma ya kukingama huyashikilia maumbo hayo mawili yasifunguke, huku ubao ukiachwa mwepesi na huru kufuata urefu wa nyuzinyuzi zake. Nilikuwa nimeweka mbao za kupinga nguvu isiyokuwapo, na mbao hizo, badala ya kukaa bure, ziliuunganisha uso mzima kuwa kitu kimoja kikubwa kinachotikisika polepole na kuchelewa kutulia. Mataruma ya ngazi huugawa uso katika sehemu fupi ambazo huitikia haraka na kunyamaza haraka. Ukavu ambao nilifundishwa kuuona kama upungufu ndio uliokuwa ukitafutwa na wapigaji wa mtindo huu.

Niliongeza jaribio moja dogo kabla ya kulifungua gitaa, nalo lilitokana na mapenzi zaidi kuliko hesabu. Selmer walikuwa, na bado ni, waundaji wa klarineti, na klarineti bora duniani hutengenezwa kwa mpingo, mti unaotoka zaidi katika misitu ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kwa mtu wa kwetu ni jambo la kugusa moyo kujua kwamba mti uleule wa vinyago ulikuwa ukichongwa katika kiwanda kilekile kilichotoa magitaa haya. Nilikuwa na kipande kizuri cha mpingo, cheusi chenye mstari mmoja wa kahawia, nikakichonga kuwa daraja, nikakitoboa kwa chini kama inavyotakiwa, nikakisugua kwa msasa mwembamba hadi kikang'aa bila vanishi. Nilipokiweka kwenye mizani ya jikoni kilikuwa gramu 24, wakati daraja la rozwudi nililokuwa nimelitumia lilikuwa 16. Nililisikiliza gitaa na daraja lile kwa dakika kumi, nikalitoa. Uzito ulikuwa umefunika noti za juu kana kwamba mtu ameweka kitambaa juu yake. Mpingo ni mti wa heshima, na nimeubakiza katika ubao wa vidole ambako ugumu wake unafaa. Darajani, ambako kila gramu lazima itikiswe na uzi, haukufaa.

Uso niliufungua kwa kisu chembamba kilichopashwa moto, ukingo kwa ukingo, na kwa kuwa nilikuwa nimetumia gundi ya ngozi, ambayo hulegea kwa joto, kazi hiyo ilikuwa ya nusu siku tu. Tatizo lilikuwa pembe ya shingo, ambayo sikutaka kuigusa. Nilizipunguza mbavu kwa randa upande wa mkiani, zikashuka kwa milimita 10 kwenye gogo la mwisho na kuishia sifuri mbele ya mstari wa daraja. Kutoka darajani hadi mkiani katika gitaa hili ni kama milimita 170, kwa hiyo mteremko huo uliongeza zaidi ya digrii 3 katika pembe ya nyuzi, karibu sawasawa na kile kijiti kilichofungwa kwa mkanda. Mbavu hizo ni za vinia, yaani mbao nyembamba sana, zilizogundishwa pamoja, rozwudi kwa nje na popla kwa ndani, kufuata desturi ya Selmer, na zilivumilia randa bila kupasuka.

Ubao wa kwanza wa sprusi niliokusudia kuukunja ulipasuka. Nililowesha mstari, nikaulaza juu ya bomba la moto, nikaubonyeza mapema mno, na mlio mdogo ulionifikia ulitosha kuniambia kila kitu. Kwa ubao wa pili nilisubiri. Nilipaka maji mara tatu, nikauacha mvuke uingie, na sikubonyeza mpaka harufu ya utomvu ilipopanda na ubao wenyewe ukaanza kulegea chini ya viganja, taratibu, kama chapati inavyolegea ikiiva upande mmoja. Ulipokubali, niliuhamishia katika kibano chenye mteremko uliochongwa tayari, nikauacha usiku kucha. Asubuhi mkunjo ulikuwa umekaa, mstari mmoja mnyofu ambao huonekana tu ukiutazama ubao kwa ubavu dhidi ya mwanga wa dirisha.

Mataruma niliyaweka matano, yote ya kukingama, mawili kati yake yakilizunguka daraja mbele na nyuma, na kati ya hayo mawili nikaongeza vijiti vifupi viwili chini ya miguu ya daraja, ili mzigo usibebwe na ubao mtupu. Nilirudisha daraja la rozwudi. Sikubadili kitu kingine, si nyuzi, si urefu wa nyuzi juu ya freti, wala vanishi ya mgongo, kwa kuwa nilikwisha kulipia gharama ya kubadili mambo mawili pamoja.

Gitaa lilivyo sasa si bora kwa kila kipimo, na ningekuwa nakosea nikidai hivyo. Nikilipiga peke yangu usiku, kwa vidole, ni jembamba kuliko lilivyokuwa, na besi ile ya duara imeondoka. Mpwa wa mzee, kijana anayepiga nyimbo za polepole na kuimba, alisema wazi kwamba alilipenda zaidi zamani, na namwelewa. Kwa kazi yake X ilikuwa sahihi, na angehitaji gitaa lenye daraja la kugundishwa ili mpangilio huo ufanye kazi yake yote. Lakini mzee alipoipiga pampu hapo karakanani, kila pigo lilitoka peke yake na kukatika peke yake, na nyuzi nene zilisikika kwa uzito ambao uso usio na mkunjo haukuutoa hata mara moja, kwa sababu sasa hazikuwa zikifunikwa na mabaki ya pigo lililotangulia. Sauti nene aliyoiomba mwanzoni, nadhani, ilikuwa hiyo: alitaka besi inayosikika ndani ya rithimu, nami nilimpa besi inayosikika chumbani.

Uso wa kwanza, wenye X yake, nimeutundika ukutani juu ya meza ya kazi, upande wa ndani ukitazama nje, na nimeandika juu yake kwa penseli digrii 5 na gramu 16. Mwezi uliopita mzee alipita kubadilisha nyuzi baada ya msimu mzima wa harusi na sherehe za kiangazi. Kabla hajakikalia kiti nililigeuza gitaa kwenye mwanga nikatazama miguu ya daraja. Alama ya penseli niliyoichora kwenye uso mpya ilikuwa bado ipo, nyembamba, pande zote mbili, na daraja limekaa juu ya mstari wake.